Watoto ziwani kaskazini mwa Minnesota: Juni au Agosti?

Dada, umeuliza uwapeleke wanao wa miaka 6 na 9 kwenye nyumba za kupanga kando ya ziwa, upande wa mji wa Ely huko Minnesota, Marekani, Juni au Agosti. Nenda Agosti mwanzoni. Maziwa yale barafu yake huyeyuka mwishoni mwa Aprili au Mei, kwa hiyo Juni maji bado ni ya kukata pumzi, na mbu na usubi watawatesa watoto mpaka walie. Agosti wataogelea kutwa na kuchuma bluberi porini. Beba masweta, jioni hupoa ghafla.

Kwenye boti, sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kuokolea maisha. Nawe vaa, tafadhali, hata kama umekulia Mwanza na maji unayajua. Kuvua samaki utahitaji leseni, watoto hawahitaji.

Mkipapenda mkarudi majira ya baridi, msikanyage barafu isiyofika unene wa sentimita 10, na muulizeni mwenyeji kwanza, maana unene hutofautiana ziwa lile lile. Nyumba za Agosti huwahiwa mapema, piga simu sasa.