Lile ua la KICC ni la nani?

SWALI: Mzee, hujambo? Nafundisha sekondari hapa Nakuru na ninasimamia kikundi cha maigizo. Tukipita KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa jijini Nairobi, wanafunzi huniuliza kuhusu ule mjengo wa pembeni mwa mnara, unaofanana na ua lililofumba. Je, ni ukumbi wa michezo ya kuigiza? Na sisi wa kawaida tuna nafasi humo?

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Wanafunzi wako wana macho. Chini ya paa lile la koni viti vimepangwa kwa ngazi, kwa duara, kama ukumbi wa maigizo. Lakini siku nyingi wanaoketi humo ni wajumbe wa mikutano.

Nilichora ramani za majengo hadi nikastaafu, na ningeulizwa nibakishe kipande kimoja cha KICC, ningeliacha hilo koni na kuutoa mnara. Mnara una orofa 28, sawa, lakini nyingi ni ofisi. Ninachousifia ni zile kingo za zege zinazotia madirisha kivuli, na ile rangi ya udongo uliochomwa. Jua la Nairobi lilifikiriwa kabla ya kioo.

Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya David Mutiso ndio waliolisanifu jengo lote. Ujenzi ulianza 1967, na nia ilikuwa makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo, jengo dogo kuliko hili. Kisha Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zikakubali kufanyia Nairobi mkutano wao wa 1973. Basi ramani ikapanuka, mnara ukapanda, ukumbi mkubwa ukaongezwa. Chama hakikuliachia jengo hadi 2003, serikali mpya ilipolichukua.

Kwa hiyo swali lako la "sisi wa kawaida" ni la zamani. Desemba 2007 kura za urais zilijumlishwa humo, na nchi nzima ikakodolea macho ukumbi ambao wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Mwaka 2015 mawaziri wa biashara wa dunia wakakutana papo hapo. Leo picha ya jengo iko kwenye kila noti mpya, hata ile ya shilingi 50 ya nauli.

Nafasi ya raia, kwa maoni yangu, iko uani, kwenye sanamu ya Jomo Kenyatta aliyeketi, ambako wapiga picha huwangoja watu wa bara waliovalia vizuri. Na iko paani, ukilipa kiingilio.

Kikundi chako nisingekipeleka kwenye koni. Kukodi ukumbi wa mikutano ni gharama, na tamthilia inataka pazia, taa na mahali pa kubadilishia mavazi. Jaribuni Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulijengwa kwa kazi hiyo tangu 1952. KICC wapeleke asubuhi, wapande juu kwanza, kisha mkaigize mchana.