Ukienda kuwauliza wabobezi namba za modeli yako, usiwakalishe meza moja

Mara ya kwanza naunda modeli (hesabu za kukadiria) ya idadi ya ndege flani nilikuwa na data za misimu miwili tu, alafu sehemu muhimu kuliko zote sina kitu kabisa: vifaranga wangapi wanafikisha mwaka. Nikasema si tatizo, wataalamu wapo, niwaulize. Nikaita watano, tukakaa, nikauliza. Mkubwa wao akajibu "asilimia arobaini" basi mchezo ukaishia hapo, wa pili 40, wa tatu 45, wa nne 35, yaani nimetoka pale nacheka mwenyewe najua nimepata makubaliano ya kisayansi kumbe nimepata adabu ya watu kwa mkubwa wao. Msimu uliofuata tukahesabu vifaranga tuliowavisha pete miguuni ili tuwatambue, namba ikaangukia chini kabisa nje ya grafu yangu.

Kwa hiyo siku hizi kila mtu namuuliza kivyake, kwa imeili au simu. Na siulizi "unadhani ni ngapi?" kwanza. Ukianza na hiyo akili inaganda hapohapo, ukija kuomba kiwango cha chini anapunguza kidogo tu, jambo ambalo wanasaikolojia Tversky na Kahneman walishalionyesha tangu 1974. Mi naanza na ya chini kabisa inayowezekana, kisha ya juu kabisa, kisha ile anayoiamini zaidi, mwisho ana uhakika wa asilimia ngapi kwamba ukweli uko kati ya hiyo ya chini na ya juu. Hilo la mwisho watu wengi wanaliruka na ndo lenye utamu, manake mmoja akikupa 10 mpaka 30 kwa uhakika wa 60 na mwenzie akakupa 10 mpaka 30 kwa uhakika wa 95 hao hawajasema kitu kimoja, inabidi uwalete kwenye kiwango kimoja cha uhakika, tuseme asilimia 80, ndo uwalinganishe. Na uliza kwa kuhesabu: kati ya vifaranga 100, wangapi? Habari za "uwezekano wa 0.2" zinawachanganya hata waliosoma.

Wakishajibu chora grafu, futa majina weka herufi, warudishie wote wajadiliane. Hapa ndo utashangaa. Raundi ile ya pili niliyofanya, mmoja alinipa 12 na mwingine 50, nikajua wanabishana kumbe mmoja anahesabu tangu yai linapoanguliwa na mwingine tangu kifaranga anaporuka kutoka kiotani! Swali langu ndo lilikuwa bovu. Baada ya mjadala kila mtu anarekebisha namba zake tena peke yake, alafu unachukua wastani. Mbinu hii inaitwa IDEA, wameieneza sana watafiti akina Mark Burgman kule Australia, na ni ndugu wa Delphi, mbinu ya kuwahoji wataalamu kwa raundi bila majina, iliyoanzia RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, miaka ya 1950.

Ukishapata wastani usiingize namba moja tu kwenye modeli, ingiza na upana wake, yaani ya chini na ya juu, la sivyo umejisumbua bure.

Kuhusu vyeo, haohao akina Burgman walipima mwaka 2011 wakakuta miaka ya kazi na wingi wa machapisho havitabiri nani atakadiria vizuri. Ndo maana wapo wanaowapa wataalamu maswali ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana, kama mwanahisabati Roger Cooke alivyofanya, anayekadiria vizuri anapewa uzito zaidi. Mi nilijipima mwenyewe, maswali 10, kila jibu nikiwa na uhakika wa 80, ukweli ukaingia ndani ya mabano yangu mara 4 tu. Aibu kwa kweli. Tangu siku hiyo mtu akinipa makisio membamba sana simbishii, namuuliza tu kwa upole, "ingetokea nini mpaka namba ishuke chini ya hapo?" Mara nyingi ananyamaza kidogo, anakumbuka mwaka flani mbaya wa ukame, alafu anaipanua mwenyewe.