Jibu: Eksirei ya moyo kusafishwa kwa kompyuta

Pole kwa kuuguza mama, dada. Umeuliza kama eksirei yake ya kifua, iliyopigwa hapa Moshi, inaweza kusafishwa kwa kompyuta ili moyo usionekane kama donge jeupe tu.

Inawezekana, ila usitumie ile picha uliyoipiga kwa simu filamu ikiwa dirishani. Omba faili lenyewe kwenye sidii. Mashine ya dijitali ya biti 12 hutunza ngazi 4,096 za kijivu. Picha ya kawaida ya simu hubakiza 256, na kilichopotea hakirudi. Ukiwa na faili halisi, chukua zile ngazi angavu peke yake uzitandaze toka weusi hadi weupe kamili wa kioo cha kompyuta. Hapo donge linaanza kufunguka: pingili za uti wa mgongo zinajitokeza nyuma ya moyo, na ukingo wa aota, mshipa mkuu wa damu, unaonekana ukishuka kushoto kwa uti huo.

Kunoa kingo, taratibu sana. Ukizidisha, unazuka utepe mweusi kuuzunguka moyo ambao mwilini haupo kabisa, na mtu anaweza kudhani ni hewa. Hili naomba ulizingatie, maana ni afya ya mama.

Mishipa inayolisha moyo hutaiona hata ufanyeje. Damu na msuli huzuia mionzi karibu sawa, ndiyo maana kwenye anjiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, huchomwa dawa yenye ayodini kwanza.

Halafu uliza: alipigwa amesimama, mionzi ikitokea mgongoni, au amelala kitandani? Ikitokea mbele, moyo hukuzwa, na hakuna programu ya kutegemea kuurudisha.