Kwa wanaoanza mfumo wa fahamu: uliza kwanza ni wapi

Mgonjwa akikuambia "mshipa umenivuta", bado hujajua lolote. Huku Kanda ya Ziwa mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano ya msuli, na kwa wazee wengi ni ngiri pia. "Ganzi" nayo ina mambo yake: mmoja anamaanisha hasikii ukimfinya, mwingine anachomwachomwa kama sindano, wa tatu hisi iko sawasawa ila mguu hauna nguvu. Kwa hiyo kabla hujaandika "ganzi" kwenye faili, uliza: Nikikugusa hapa unasikia? Ukitembea, ndala inachomoka mguuni bila wewe kujua? Ukitaka kuinua mguu, unainuka? Majibu ya maswali hayo yanatoka kwenye njia tofauti za neva, na ukishazijua njia hizo umeshapata sehemu kubwa ya somo.

Tunasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi wanaingia wodini wakiwa na majina mia mbili kichwani na hawajui la kuyafanyia. Mfumo wa fahamu unasomeka vizuri ukiwa na swali moja mkononi: tatizo liko wapi? Ni kwenye ubongo, shina la ubongo, ugwe mgongo, mzizi wa neva, neva yenyewe, mahali neva inapokutana na msuli, au msuli? Jina la ugonjwa linakuja baadaye.

Anza na maneno mawili yanayochanganywa kila mwaka. Uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili unazozipapasa. Ugwe mgongo ni kamba laini ya neva iliyomo ndani yake, nene kama kidole kidogo, yenye urefu wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima. Mfupa ni mrefu kuliko kamba. Ugwe unaishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini ni mizizi ya neva inayoning'inia kama mkia wa farasi, na ndivyo inavyoitwa. Kwa mtoto mchanga ugwe unafika chini zaidi, karibu na pingili ya tatu.

Huko chini kwenye mkia wa farasi, ugwe ulikokwisha, ndipo pa kuchoma sindano unapotaka maji ya uti wa mgongo. Mlaze mgonjwa ubavu, magoti yakunjwe kuelekea tumboni. Papasa kingo za juu za mifupa ya nyonga pande zote mbili. Mstari unaoziunganisha unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Nafasi iliyo juu ya pingili hiyo au iliyo chini yake inafaa kwa mtu mzima, kwa sababu mizizi inaelea na kuikwepa sindano, tofauti na ugwe. Maji hayo ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili unatengeneza kama 500 kwa siku, kwa hiyo mililita chache za maabara hazimpunguzii mgonjwa kitu. Hatari iko kwingine: presha ndani ya fuvu ikiwa juu, na hasa kama kuna uvimbe unaosukuma ubongo, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke na kuliminya shina lake. Mgonjwa ambaye fahamu zinashuka, au mboni moja imepanuka, hachomwi sindano hiyo mpaka mkubwa wako amemwona.

Jozi za neva zinazotoka kwenye ugwe ni 31: shingoni 8, kifuani 12, kiunoni 5, kwenye sakramu (mfupa wa chini ya kiuno, katikati ya nyonga) 5, na moja mkiani. Shingo ina pingili 7 tu, na hapo wengi wanakwama. Neva ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza, ya nane inatokea chini ya pingili ya saba, halafu kuanzia kifuani kila neva inatokea chini ya pingili yenye namba yake. Neva za kichwani ni jozi 12, hizo utazikariri tu, hakuna njia ya mkato.

Ukipata nafasi, shika ubongo. Kichwa cha mbuzi kinapatikana machinjioni. Mwambie muuzaji asikipasue kwa shoka maana ataukata ubongo vipande. Kata fuvu kwa msumeno wa mkono ukizunguka polepole, glavu mkononi na miwani usoni kwa sababu ya vumbi la mfupa. Chini ya fuvu utakuta utando mgumu kama turubai jembamba. Ukate kwa mkasi. Utando wa ndani kabisa umegandamana na mikunjo na hautoki kirahisi. Ubongo mbichi ni laini kama parachichi lililoiva sana, na ukiukata hapo hapo utapondeka. Uache kwenye formalini, sehemu moja ya formalini kali kwa tisa za maji, wiki moja au mbili, mahali penye hewa ya kutosha. Uoshe kwa maji mengi kabla ya kukata. Pasua katikati, utaona daraja jeupe linalounganisha nusu mbili, na chini yake vyumba vya maji. Kumbuka tu kwamba kwa mbuzi ile sehemu inayoitwa ubongo mdogo (serebelamu) iko nyuma, kwa binadamu iko nyuma na chini, na ubongo mzima wa binadamu una uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.4.

Sasa njia zenyewe, na hapa usiharakishe. Chukua karatasi moja, chora ubongo, medula (sehemu ya chini ya shina la ubongo) na ugwe, halafu kalamu tatu za rangi. Ya kwanza ni njia ya mwendo: inaanza kwenye gamba la ubongo, inashuka, na sehemu kubwa ya nyuzi zake inavuka upande wa pili kwenye sehemu ya chini ya medula. Ya pili ni ya mguso mwepesi, mtetemo na kujua kiungo kiko wapi: inapanda upande ule ule ilikoingia na kuvukia kwenye medula. Ya tatu ni ya maumivu na joto: inavuka mapema, ndani ya ugwe wenyewe, pingili moja au mbili tu juu ya ilipoingilia. Chora tena kesho bila kuangalia. Ukiweza kuichora, utaelewa mwenyewe kwa nini aliyechomwa kisu mgongoni na kukatwa nusu ya ugwe upande wa kulia anapooza mguu wa kulia, lakini mguu usiosikia maumivu ni wa kushoto.

Kasi ya taarifa nayo hailingani. Ukijigonga kidole kwenye jiwe, na Mwanza mawe hayakosekani, mguu unaruka kwanza kwa rifleksi ya ugwe, yaani mwitikio usiosubiri ubongo. Kisha yanakuja maumivu makali ya haraka, na baada ya muda mfupi yanafuata yale mazito yanayokaa. Nyuzi za maumivu ya kwanza zina ala nyembamba ya mafuta na zinasafirisha kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Za pili hazina ala, haziendi zaidi ya mita 2.

Udhaifu wa misuli una sura mbili, na lazima uzitofautishe kwa mikono yako. Tatizo likiwa juu, ubongoni au kwenye ugwe, mguu unakakamaa, goti likigongwa linaruka kwa nguvu, na ukikwaruza unyayo kidole gumba kinapanda juu. Likiwa chini, kwenye seli ya neva inayokwenda msulini au kwenye neva yenyewe, mguu unalegea, msuli unakonda, goti haliruki. Mtego uko kwenye siku za mwanzo: ugwe ukiumia ghafla, rifleksi zote za chini ya jeraha zinaweza kupotea kwa siku au wiki, na mwanafunzi anaandika "neva" wakati jeraha liko kwenye ugwe.

Ziwa hili lina mifano yake. Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985 wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kutokana na mihogo michungu iliyoandaliwa haraka haraka bila sumu yake ya sianidi kutoka. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla na rifleksi zinakuwa kali, lakini hisi iko salama na mkojo unatoka kama kawaida. Njia ya mwendo ndiyo iliyoumia. Linganisha na mvuvi wa Ukerewe mwenye kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake yanaweza kufika sehemu ya chini ya ugwe: kiuno kinauma, maumivu yanashuka miguuni, ndani ya siku au wiki miguu inaisha nguvu, hisi inapungua, mkojo unaziba. Huyu ugwe wenyewe umeumia. Anahitaji uchunguzi wa haraka, prazikwanteli (dawa ya kichocho) pamoja na steroidi za kupunguza uvimbe, na mpira wa mkojo kabla ya yote hayo kama kibofu kimejaa. Usimrudishe nyumbani na dawa ya maumivu ya mgongo.

Kupata kiwango cha jeraha, tumia kijiti chenye ncha, anzia mguuni ukipanda, na mwambie akuambie pale uchungu unapobadilika. Chuchu ni neva ya nne ya kifua, kitovu ni ya kumi. Weka alama kwa kalamu kwenye ngozi, kesho upime tena. Alama ikipanda, hali inazidi.

Kemia ya sinapsi, yaani mahali neva inapopokeza ujumbe kwa neva nyingine au kwa msuli, utaielewa vizuri msimu wa kupulizia pamba. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfati zinazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe huo, nayo inajaa. Mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho vinamwagika, anahara, mapafu yanajaa majimaji, misuli inacheza kisha inalegea. Atropini inakausha majimaji, lakini hairudishi nguvu ya misuli, kwa sababu vipokezi vya msuli ni vya aina nyingine. Kwa hiyo sikiliza mapafu mpaka yakauke, usifuate mboni, na uendelee kutazama kupumua kwake hata baada ya mate kukatika.

Mwisho, kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974. Alama za juu kabisa ni macho 4, maneno 5, mwendo 6. Cha chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. Andika kila sehemu peke yake, maana jumla ya 9 inaweza kumaanisha watu watatu tofauti kabisa. Jicho lililovimba likaziba huandiki 1, unaandika halikupimika. Mkono ukiwa umepooza, pima ulio mzima, na alama ni ya jibu bora. Na mzee wa Misungwi anayejua Kisukuma tu, ukimwuliza kwa Kiswahili ni mwezi gani, utampa 4 ya kuchanganyikiwa wakati akili yake iko timamu. Mwite bibi au kijana aliyemleta, aulize kwa lugha yake, ndipo uandike alama na saa. Aliyeanguka na bodaboda anapimwa hivyo tena na tena, pamoja na mboni zote mbili kwa tochi. Mboni moja ikianza kupanuka na haikazi kwa mwanga, mara nyingi damu inakusanyika upande huo huo na kuusukuma ubongo uiminye neva ya tatu ya kichwani, na wa upasuaji anaitwa dakika hiyo hiyo.