Theluji ya Elena na gambuti: mpagazi atoke saa ngapi?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kasese. Mimi ni mpagazi, huu ni msimu wangu wa pili kwenye milima ya Ruwenzori, Uganda. Safari iliyopita tulilala kibanda cha Elena, na tulipoamka theluji ilikuwa imefunika kila kitu, hata njia haionekani. Viongozi na wageni walikuwa wameshatoka saa nane usiku kwenda kilele cha Margherita. Sisi tukaambiwa tuondoke saa kumi na mbili alfajiri na mizigo, tukawangojee kambi ya Kitandara. Nilivaa gambuti. Kabla ya kufika Scott Elliot, pale njia inapovuka kati ya milima, nilikuwa nimeanguka mara tatu, na usiku ule mwenzangu hakulala kwa maumivu ya macho. Je, kuna viatu vya kutufaa? Na theluji ikiwa nyingi vile, mtu aende kazini au angoje?

JIBU: Mdogo wangu, pole sana, na mpe pole mwenzako. Njia hiyo niliipita na mzigo miaka mingi kabla sijashika kamba ya kuongoza wageni, kwa hiyo nianze na saa, maana hapo ndipo mlipokosewa. Viatu vitafuata.

Elena iko mita 4,541. Usiku pale baridi hushuka chini ya sifuri, lakini mchana jua la ikweta hupanda hadi utosini. Theluji yetu hailali miezi kama ya Ulaya. Mara nyingi inayoanguka usiku huyeyuka juu ya mawe mchana, maji yakatambaa kwenye nyufa, na jua likizama yakaganda. Usiku huohuo theluji nyingine ikianguka juu yake, inaficha ganda jembamba la barafu lililo safi kama kioo. Ganda hilo ndilo lililokuangusha. Theluji laini yenyewe, hata ikifika magotini, inachosha lakini inaukamata mguu. Ndiyo maana ukitoka mlangoni usitazame theluji imelala kina gani. Ifagie kwa mguu, uangalie chini yake kuna nini.

Sasa fikiri kwa nini kiongozi hutoka saa nane usiku. Anaitaka barafu ikiwa ngumu. Amevaa kramponi, ile miba ya chuma inayofungwa chini ya kiatu, ana shoka la barafu, amefungana kamba na wageni wake, na anataka awe ameshashuka kutoka kwenye barafu ya mlima Stanley kabla jua halijailainisha. Wewe mwenye gambuti unataka kinyume chake kabisa: barafu iwe imeachia jiwe. Kumtoa mpagazi alfajiri kwa sababu tu kiongozi ametoka usiku ni kosa, nami nalisema wazi kwa kuwa nimebeba machela kutoka Elena. Mtu akivunjika mguu pale, hadi kumfikisha Nyakalengija, kule chini safari inakoanzia, ni kazi ya siku kadhaa kwa watu wengi, kupitia matope na mawe. Mzigo ukichelewa Kitandara, mgeni atakula jioni badala ya mchana.

Basi ngojeni jua liguse mawe. Kukiwa kweupe, inaweza kuwa saa tatu, pengine saa nne. Kwaruza jiwe karibu na kibanda kwa ncha ya kisu: kisu kikitoa unga mweupe, bado; kikigusa jiwe lenyewe lililolowa, fungeni mizigo. Lakini pia msilale mkangoja mchana. Ruwenzori mawingu hujikusanya kabla ya adhuhuri, na ukishavuka Scott Elliot, mita 4,372, njia inapita chini ya magenge ya mlima Baker. Barafu iliyokuwa imeshika mawe kule juu usiku kucha inalegea kwa joto, na mawe yanashuka. Niliwahi kuona moja, kubwa kama sufuria ya ugali, likipita kati ya watu wawili. Hapo piteni haraka, mmoja mmoja, mkiachiana nafasi, na asiwepo wa kuketi kuvuta pumzi.

Jua lisipotoka kabisa na theluji ikaendelea, kaeni kibandani mpaka kiongozi arudi na kamba. Siku hiyo kazi yenu ni kuwasha jiko na kuyeyusha theluji iwe maji ya chai.

Kuhusu viatu: gambuti si adui yako. Kwenye matope ya Bigo hakuna kiatu kinachoishinda. Shida ni kwamba nyingi zinazouzwa rahisi ni za plastiki, na plastiki ikipata baridi inakakamaa, soli inateleza kama sabuni. Mpira halisi hubaki laini. Ukiwa kambini iache nje usiku, asubuhi ikunje kwa mikono. Ikigoma kukunjika, hiyo ni ya kushuka nayo chini, usipande nayo Elena. Chukua inayobakiza nafasi ya soksi mbili za sufu, maana kiatu kinachobana kinazuia damu na vidole vinakufa ganzi. Kramponi za wageni usizifunge kwenye gambuti: zinataka soli ngumu isiyopinda, na kwenye soli laini zitachomoka pabaya. Zinazokubali ni zile za minyororo yenye meno mafupi, zinazovutwa juu ya kiatu kwa mpira. Ni nyepesi, na mwajiri anayekupeleka Elena anapaswa kukupa. Ziulizie siku mizigo inapopimwa, kabla hamjaanza kupanda.

Ukikosa hizo, vaa soksi kuukuu ya sufu juu ya gambuti. Usidharau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walilijaribu hilo kwa watu waliokuwa wakiteremka kwa miguu asubuhi za barafu, wakachapisha matokeo mwaka 2009: waliovaa soksi juu ya viatu waliteleza kidogo kuliko wenzao. Ukifika kwenye matope zivue, zikiloa tope hazikusaidii tena.

Kutembea: hatua fupi, wayo mzima chini, magoti yamelegea, uzito juu ya mguu uliokwisha kukanyaga. Ukiogopa mteremko mwili huegemea nyuma, na ukiegemea nyuma ndipo miguu inapotoka mbele. Kata fimbo ndefu ya mwanzi. Na mzigo usiufunge kamba kifuani. Mshipi wa kichwani una faida yake, ukianza kuanguka unautupa mzigo na kujiokoa.

Wazee wetu Wakonzo huiita theluji nzururu, na kwao mlima ule ni mahali pa heshima. Barafu waliyoiona imerudi nyuma sana tangu wakati Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipofika Margherita mwezi Juni 1906. Mawe iliyoyaacha wazi yamesagwa laini, kwa hiyo ganda la barafu la asubuhi limepata mahali pengi zaidi pa kukaa kuliko zamani.

Macho ya mwenzako yaliunguzwa na mwanga. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ile inayounguza, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi. Wingu jembamba haliizuii. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana mchana hakuhisi kitu. Akae gizani, aweke kitambaa cha maji baridi, asiyasugue. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Zikipita bila nafuu, au akiona ukungu, aende hospitali. Wewe nunua miwani ya jua inayofunika hadi pembeni. Ikivunjika njiani, chukua kipande cha boksi, kikate mpenyo mwembamba mbele ya kila jicho, ukifunge kwa uzi nyuma ya kichwa. Utaona njia ya kutosha mpaka Kitandara.