Mtandao unakata ndani ya trela

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, naishi Tabata. Kazi zangu nafanya kwa kompyuta, na wateja wawili wananihitaji kwenye mkutano wa video kila Jumatatu asubuhi. Mume wangu amejengesha trela la kulala kwa mafundi wa Gerezani. Tunalivuta kwa gari letu mpaka Mbeya kwa wakwe zangu, na njiani tunalala siku mbili tatu. Ndani ya trela mtandao unasuasua, nikitoka nje na simu unashika vizuri. Nina modemu ndogo ya laini moja. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri ninunue busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, na bei yake imenishtua. Ninunue?

JIBU: Dada, usinunue. Jibu umeliandika mwenyewe: nje unashika, ndani haushiki. Trela lenu ni sanduku la bati, na mawimbi ya simu hayapenyi bati. Yanayoingia yanapitia dirishani. Hata ukiweka bando kubwa kiasi gani, ukuta ni ule ule.

Kabla ya kutoa hela, pima. Vile vimistari vya simu usivitegemee. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayoeleza hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa, tuseme -95 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Ukikuta nje -95 na ndani -115, tofauti hiyo ya 20 maana yake ndani unapata sehemu moja ya mia ya nguvu iliyoko nje. Nimeshapima matrela ya bati, na tofauti ya namna hiyo si ngeni kwangu.

Kwa hiyo unachohitaji ni antena juu ya paa, na ruta, yaani kifaa kinachowekwa laini na kugawa Wi-Fi, yenye matundu mawili ya kuchomekea antena ya nje. Nasema mawili kwa sababu 4G hupokea kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na ukichomeka waya mmoja unapoteza kasi bure. Ruta ifungwe ndani karibu kabisa na dari. Waya uwe mfupi, mita mbili au tatu. Watu wengi wanaharibu hapa: wananunua antena nzuri, kisha wanavuta waya mwembamba mita kumi mpaka kitandani, na zaidi ya nusu ya nguvu inaishia kwenye waya. Kutoka kwenye ruta mpaka kompyuta yako, Wi-Fi inatosha.

Busta hufanya kazi tofauti: inapokea mawimbi, inayakuza, inayarusha tena. Kwenye chumba kifupi kama chenu, antena ya ndani na ya nje zikisikiana hupiga kelele kama maikrofoni iliyoelekezwa kwenye spika, na kelele hiyo inawasumbua hata watu wengine wanaotumia mnara huo huo. Tena vifaa vya aina hii vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Muulize huyo muuzaji uthibitisho, umsikilize atakavyojibu.

Umeme nauzungumzia kwa uchungu. Nilikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma kabla sijajifunza ufundi huu. Ruta yangu ya kwanza niliichomeka moja kwa moja kwenye lori. Lori lina volti 24, ruta ilikuwa ya volti 12. Ilitoa harufu, ikafa tukiwa Chalinze, na ilikuwa imekula mshahara wangu wa mwezi. Gari lenu hata kama ni la volti 12, injini ikiwaka hupanda kupita 14. Tafuta ruta inayokubali volti 9 mpaka 30, weka na fyuzi. Ruta ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukitumia nusu tu ya betri, inakupa kama saa 50. Kwa hiyo mkilala, izimeni injini bila wasiwasi.

Laini chukua mbili za mitandao tofauti, maana pale mmoja unapokufa mwingine huwa hai. Ila ujue ruta nyingi za laini mbili hutumia moja kwa wakati, na kuhama kunachukua muda wa kutosha kuukata mkutano wako. Jumatatu asubuhi simu yako iwe kando, ina laini ya ule mtandao mwingine na bando lake, tayari kugawa intaneti. Picha ikianza kuganda, zima kamera ubaki na sauti. Sauti inahitaji kidogo sana.

Na mkutano usiufanye gari likitembea. Barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na hapo si mahali pa kuegesha ukafungua kompyuta. Mbele yake kuna milima ya Kitonga, na mlima ukikaa kati yako na mnara, antena haina la kufanya. Jumapili laleni Morogoro au vukeni mpaka Iringa mjini.

Shimo la waya juu ya paa lizibeni kwa silikoni kabla ya masika. Safari ijayo mkisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, pima nje, pima ndani, uniandikie namba zote mbili. Nitakwambia antena ya ukubwa gani inakutosha.