Mavyaa hataki mjukuu aitwe Yasmini

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Majengo, Mombasa, na mimba yangu imeingia mwezi wa nane. Tumeambiwa ni msichana, nami nimependa aitwe Yasmini. Mavyaa, mamake mume wangu, amekataa katakata. Asema hilo ni jina la saluni na la chupa za mafuta ya nywele, na kwamba kwao, "watu wenye asili", hawaiti watoto majina ya maua. Ataka Fatma, jina la marehemu mamake. Mume wangu amenyamaza kimya. Je, jina hili lina kasoro? Nishikilie au niwache?*

Marahaba, mwanangu. Jina halina kasoro. Hayo ya saluni na mafuta ni kisingizio. Neno zito hapo ni "watu wenye asili", na ni vyema ujue lilikotoka kabla hujamjibu mtu.

Zamani hapa pwani, kama ilivyokuwa Uarabuni na Misri, matajiri waliwapa watumwa wao majina ya manukato, vito na maua: Ambari, Kafuri, Yakuti, Zafarani, Asumini, ambayo ndiyo Yasmini yenyewe. Muungwana bintiye alikuwa Fatma au Khadija, kijakazi ndiye aliyeitwa jina la kunukia. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini dharau ile ilibaki kwenye majina, na wazee wengi waliirithi kwa nyanya zao bila kuambiwa sababu. Huenda mavyaako ni mmoja wao. Usimtolee historia hiyo mbele ya watu, utamuumbua bure. Wewe ijue tu, ili usidhani anakuchukia. Na hata enzi hizo jina halikumfunga mtu: yule Kafuri aliyeuzwa Misri akiwa mtumwa ndiye aliyekuja kuitawala nchi hiyo mpaka alipofariki mwaka 968.

Akiingia kwa mlango wa dini, unayo majibu, ila uyatumie kwa adabu. Rehani, ule mmea wa kunukia, imetajwa katika Qur'ani, Sura Ar-Rahman aya ya 12 na Al-Waqia aya ya 89. Waridi nalo limo, Ar-Rahman aya ya 37. Katika hadithi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliwaita wajukuu zake Hasan na Husein rehani zake za dunia. Yasmini yenyewe haimo katika Qur'ani, kwa hivyo usije ukadai imo. Atakayekwenda kuuliza kwa shehe atarudi na jibu la kukuaibisha. Wala si sharti jina liwemo. Linalotakiwa ni maana njema: Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa kwa maana ya uasi, akamwita Jamila. Yasmini haina uasi wowote ndani yake.

Kama hoja ni heshima, jina hili limetoka Uajemi na limeingia nyumba kubwa kubwa. Binti wa Prince Aly Khan, mwana wa Aga Khan, na mwigizaji wa Marekani Rita Hayworth, aliyezaliwa 1949, ni Yasmin. Jamii yake ya majina ya maua ina Gulbadan, binti wa mfalme Babur wa India, ambaye jina lake limebeba waridi, na ndiye aliyeandika historia ya utawala wa kakake Humayun. Ua lenyewe, lilelile la vikuba vyetu, vile vishada vya maua wanavyovaa wanawake, ni ua la taifa la Ufilipino tangu 1934. Tunisia ilipompindua rais wake Januari 2011, magazeti ya nje yaliyaita mapinduzi yale ya Yasmini, ingawa Watunisia wengi hawakupenda. Damu ilimwagika, nao wakaona jina ni tamu mno.

Lakini hoja yangu ya kwanza kwa mavyaa isingekuwa mfalme wala rais. Ingekuwa kikuba. Matumba ya asumini huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, meupe na magumu. Ukichuma asubuhi maua yaliyokwisha fumbua, hadi jioni yamekuwa ya kahawia na yanapukutika. Matumba hayo hutungwa kwa sindano na uzi, yakapangwa na rehani na mkadi, na baada ya magharibi yanafumbuka kifuani mwa bibi harusi. Mumeo amuulize mamake siku ya harusi yake alinukia nini. Sidhani atajibu "mafuta ya saluni".

Nasema mumeo, si wewe. Kunyamaza kwake ndiko kunakokuacha peke yako uonekane mkaidi. Azungumze naye faragha, sasa, si siku ya saba ya kuzaliwa, mbuzi wa akika, sadaka ya mtoto, ameshachinjwa na wageni wamekaa. Na aanze na Fatma, kwa sababu jina la mama aliyefariki ni jambo la uchungu wa kweli na lastahili jibu. Hapa kwetu mtoto kuwa na jina la nyumbani na jina la cheti si ajabu. Nyanya amwite Fatma atakavyo, mumuitikie. Mumeo naye akisema waziwazi kuwa anataka Fatma kwenye cheti, hapo geuzeni: Yasmini liwe la nyumbani. Mtoto ni wenu wawili.

Msilofanya ni kuandika "Fatma Yasmini" pamoja ili kila mtu aridhike. Watu wetu hutumia la mtoto, la baba na la babu. Ukiongeza la nne, fomu moja italikata la babu, nyingine itakata Yasmini, na miaka kumi na minane baadaye binti anahangaika na hati za kiapo akitafuta kitambulisho.

Chagueni tahajia moja tu. Karani asiye wa pwani akisikia "Yasmini" ataandika Jasmine, Yasmine au Asmin. Ningeandika Yasmin, ndivyo wengi walivyoizoea, na nyumbani mtaita Yasmini vilevile. Iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uiweke pamoja na nakala za vitambulisho vyenu kwenye mkoba wa hospitali, na umpe muuguzi anapojaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Ukijifungulia nyumbani, fomu hiyo hujazwa kwa naibu wa chifu. Soma karatasi unayopewa herufi kwa herufi kabla hujaondoka, kisha ulinganishe na kadi ya kliniki, maana kadi huandikwa na mtu mwingine na makosa mengi huanzia hapo. Uandikishaji ufanywe ndani ya miezi 6. Ukipita, unahesabiwa umechelewa na utaombwa karatasi zaidi.